Zamu ya Tanga

Mlima wetu siku hizi ni wa kijani mpaka unaudhi. Ukiutazama kutoka kule tambarare, gari linapoanza kupanda, unaweza kudhani nchi hii haijawahi kukosea jambo. Kijani bondeni, kijani mteremkoni, kijani mpaka juu kabisa kunakoanza mawingu. Wageni wa Baraza la Mizani wakiletwa hushuka garini, huvua kofia na kupiga picha. Sijawahi kusikia hata mmoja akiuliza mbona ndege hawalii.

Mimi sikuja kupiga picha. Nilikuja na kishikwambi cha kazi na amri ya kuwahamisha watu wa Mkanyeni, kijiji kilichokaukiwa maji, kabla kiangazi hakijakolea, na mmoja wa watu hao ni mama yangu mzazi. Ofisini walinichagua kwa sababu hiyohiyo. Mkurugenzi alisema mtoto wa nyumbani akileta habari mbaya hukemewa tu, hapigwi mawe. Aliyasema hayo kama mtu anayenipa zawadi, nami nikashukuru, maana ndivyo tulivyolelewa.

Gari lilijiendesha lenyewe mpaka mwisho wa lami, likasimama, likaniambia kwa adabu kwamba mbele hakuna njia. Nikashuka na mkoba wangu, nikasimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa nasikilizia maji. Utotoni, hapo ndipo ulipoanza kuusikia mfereji ukinguruma kwenye mawe, na miguu ikapata nguvu mpya kwa sababu umefika. Najua ni ujinga. Ripoti za kukauka kwa chemchemi zimepita mikononi mwangu, nyingine nimeziandika mwenyewe. Lakini masikio hayasomi ripoti. Niliyasubiri yale maji kama mtu anayemsubiri marehemu arudi kutoka sokoni, kisha nikaanza kupanda.

Mama alikuwa barazani akichambua maharage. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanitazama kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Umekonda. Huko Tanga hawali?"

Nikamwambia wanakula vizuri tu. Akasema basi labda mimi ndiye siliwi vizuri na hao watu. Sikuelewa, na nadhani hakutaka nielewe. Akaniwekea makande, akaomba radhi kwa ajili yake, jambo ambalo mama hakuwahi kulifanya maishani mwake. Alisema mahindi yakipikwa kwa maji ya boza hayaivi, yanakubali kulainika tu. Boza, lile lori la maji, hupanda mara moja kwa juma, likijisikia. Kila mtu ana ndoo zake, na maji yana ladha ya tangi. Nilikula yote nikamsifu, naye akanitazama akijua kwamba namdanganya.

*

Mti uliotuletea haya yote unaitwa mkijani. Mungu hakuuumba, au tuseme aliuanza halafu akawaachia wengine wamalizie. Ulitengenezwa maabara, nchi za mbali, na kile ambacho mvule hukifanya kwa umri wa mtu, mkijani hukifanya kwa masika mawili. Majani yake ni mapana na mazito, hayapukutiki kiangazi wala kipupwe. Na kinachokua kwa kasi hiyo lazima kinywe kwa kasi hiyo.

Waliozaliwa baadaye hawakumbuki tulivyokuwa Daraja la Tatu. Mimi nakumbuka. Baraza la Mizani lilikuwa limeshazipanga nchi zote kwa uhai wa mazingira yake, na nchi ya Daraja la Tatu haikuuziwa wala kununuliwa kitu cha maana. Meli zilipita. Kahawa ilioza maghalani, mashine za hospitali zilisimama kwa kukosa vipuri, na watu waliokosa kazi wakaenda porini kuchoma mkaa, daraja likazidi kushuka. Ilikuwa kama mtu anayefukuzwa shule kwa kukosa viatu, anaambiwa arudi atakapofaulu.

Nchi zenye nafasi zilipanda miti ya polepole zikakaa kusubiri. Sisi hatukuwa na nafasi hiyo, na uchaguzi ulikuwa mlangoni. Mgombea gani angesimama jukwaani aahidi mvule? Wakaahidi mkijani, na wapewe haki yao, ahadi wakaitimiza. Kabla Bunge lile halijavunjwa tulikuwa Daraja la Pili. Mizani yenyewe hupimwa na Jicho, chombo kinachozunguka juu huko na kuhesabu rangi na wingi wa majani. Jicho linaona vizuri sana kutoka juu. Kilichoko chini ya majani halikioni, na hakuna aliyelituma kukitazama.

Sasa hapa ndipo mlima wetu ulipojiponza. Miche ilipoletwa, kijiji cha ng'ambo ya bonde, Ivuga, waligombana. Kwanza waligombania nani abebe, kisha mpwa wa mwenyekiti akapewa kazi ya mashimo, kisha wakagawanyika kwa vyama, na miche ikakaukia uwanja wa shule. Walitangazwa redioni kwa aibu. Kwetu Mkanyeni, Mzee Sebughe alipanda juu ya jiwe lake akapuliza gunda, pembe la kuitia watu. Na gunda la msaragambo, kazi ya kijiji kizima, likilia, Mpare hakai. Walitoka kina mama wenye watoto mgongoni, mwalimu na darasa lake, hata mchungaji alikatisha ibada. Walipanda kwa mstari, wakamwagilia kwa zamu, wakaupandisha mkijani mpaka kwenye mdomo wa chemchemi. Haukufa hata mche mmoja. Tulipewa ngao.

Leo Ivuga wana chemchemi yao na vicheko vyao. Sisi tuna ngao, iko ofisi ya kijiji, na ofisi ya kijiji imefungwa kwa sababu vijana wote wamefuata maji mahali pengine.

*

Mzee Sebughe alikuja alasiri, akiwa amevaa koti lake la sherehe. Yeye ndiye mpiga gunda tangu baba yangu angali kijana, na meno yaliyobaki mdomoni mwake nadhani anayatunza kwa ajili ya kazi hiyo tu. Alinisalimia kwa furaha ya kweli, akauliza habari za mkwe na za mjukuu, akanywa chai kidogo sana kwa heshima ya ndoo za mama. Halafu akasema wamekwisha kusikia habari za malori yatakayowahamisha. Hakunilaumu. Alisema amri ni amri, na mimi ni mtumishi.

"Lakini kesho asubuhi nitapuliza gunda," akasema. "Tutakata ile miti ya bondeni kwenye chemchemi. Kazi ya msaragambo haivunjwi ila kwa msaragambo. Tuliipanda wenyewe, na hatuwezi kuondoka tukaiacha hivi."

Nikamuuliza watakata na nani. Waliobaki Mkanyeni ni wazee watupu, na wote wangeenea kwenye baraza ile pale na mkeka ungebaki. Mkijani ni mgumu, tena ukikatwa huchipua. Akasema anajua. Mama aliendelea kuchambua maharage yake, hakuinua uso.

"Hicho kidude chako," akasema. "Uliniambia kinailaza."

Ni kweli nilimwambia, siku niliyopandishwa cheo, kwa sababu nilitaka afurahi. Mkaguzi wa misitu kama mimi hupewa uwezo huo ili kuzuia maradhi ya miti. Kila mkijani una mahali ndani yake panaposikia, na ukipewa amri, unaacha kunywa, unapukutisha majani, unakufa wima. Nikamwambia ndiyo, kinailaza.

"Yote ya bondeni?"

"Yote, mama. Kwa kidole."

"Na maji?"

Nikasema maji yangerudi. Si kesho, lakini yangerudi. Mizizi ikishaacha kunywa, chemchemi inajaa taratibu kutoka chini, na huenda masika yasingefika kabla ndiva, bwawa letu la zamani, haijapata maji ya kutosha kufunguliwa. Mikono ya mama ilikuwa imesimama juu ya ungo. Kidole kimoja hakivunji chawa, wanasema, na changu kingeweza kuurudisha utoto wangu wote.

Hawakuniomba. Mzee Sebughe alizungumzia mambo mengine, akaaga. Mama akaenda kuinjika maharage. Kama wangeniomba ningeweza kukataa, au kukubali, au hata kukasirika. Jambo lenyewe waliliacha tu pale barazani, karibu na mkoba wangu, wakaendelea na shughuli zao.

*

Nyuma ya nyumba, kwenye mbuni wa mwisho, mtandao unashika. Nilimpigia Shafii. Mume wangu ni fundi wa pampu kwenye ukuta wa Tanga, na ukimpigia wakati wowote wa kazi utazisikia pampu nyuma yake zikikoroma. Mji wetu una miaka mingi sasa uko chini ya usawa wa bahari. Kinachoizuia bahari ni ukuta, na kinachotoa maji yanayovuja ukutani ni pampu, na vipuri vya pampu huletwa na meli ambazo hutia nanga kwenye nchi za Daraja la Pili na la juu yake. Za Daraja la Tatu huzipita.

Na nchi iko ukingoni. Mkurugenzi alinieleza hilo kabla sijaondoka, mlango ukiwa umefungwa. Misitu mingine ya mikijani inaugua, ya kwetu ndiyo inayoishika mizani isishuke. Bonde la Mkanyeni likipukutika, Jicho litaona, na tutarudi kule tulikotoka.

Nilimweleza Shafii yote, haraka haraka, kama mtu anayetapika. Halafu nikamwambia amchukue Mwanasha waje huku. Nilianza kwa utani, nikasema mlima una nafasi, nyumba zimejaa tele hazina watu. Katikati ya sentensi nikagundua kwamba sitanii. Nilimwona binti yangu ameinama mferejini, anakunywa kwa viganja. Ana miaka tisa na hajawahi kuona maji yakitoka ardhini yenyewe bila kusukumwa na mtu. Niliitaka picha ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na nikamwambia hivyo.

Pampu zilikoroma. Shafii ni mtu wa maneno machache, na yale machache huyapima.

"Mama Mwanasha," akasema, "Mwanakombo hapo jirani na wanawe, nao wana mama mlimani?"

Nikasema hapana.

"Sikukatazi. Mlima ni wenu na kiu ni yenu. Nauliza tu."

Nikamwambia nimesikia. Tukaagana vizuri, akanipa salamu za mama, na mimi nikabaki nimeegemea ule mbuni mkavu nikilia kwa hasira, sijui hasira ya nani. Ningependa kumkasirikia Shafii, lakini alikuwa amesema kweli.

*

Asubuhi gunda lililia.

Nilikuwa nimekwisha kusimama mlangoni kabla sijajua kwamba nimeamka. Mama alikuwa amejifunga kanga kiunoni na panga liko mkononi. Hakuniambia njoo wala baki. Tukapanda pamoja, na wengine wakatokea kwenye vichochoro vyao, mmoja mmoja, na mapanga na mashoka na magongo ya kutembelea.

Ndiva yetu ni bwawa la mawe na udongo, walilijenga mababu chini kidogo ya chemchemi. Usiku maji yalijikusanya humo, alfajiri mlango ukafunguliwa, yakateremka kwa mifereji mpaka mashambani, kila ukoo na zamu yake. Wanaosubiri walikaa juu ya ukuta kwa mpangilio. Anayeondoka ukutani amepoteza zamu, atasubiri upya. Na kosa lililokuwa kubwa kuliko yote, kubwa kuliko wizi wa mbuzi, lilikuwa kuufunga mlango wakati zamu ya mwenzako haijaisha. Mtu wa namna hiyo hata moto hakuna aliyempa wa kuwashia jiko lake.

Sasa ndiva ilikuwa kavu, imepasukapasuka, na mizizi ya mikijani imetambaa humo ndani kutafuta tone la mwisho. Juu yake miti ilisimama kwa ile mistari yetu mizuri iliyonyooka. Mama akachagua mkubwa kuliko yote, akatema mate viganjani. Nami nilikuwa nimekwisha kutoa kishikwambi. Niliiona ile amri, LAZA, na bonde limezungushiwa mstari mwekundu, na kidole changu kiko juu yake. Sikujua nitafanya nini. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Mama, ngoja," nikasema.

Nikawaambia. Niliwaambia habari za Daraja na za ukuta, za pampu na vipuri vyake, na kwamba miti hii ikianguka meli zitatupita, lakini bahari haitatupita, itaingia. Niliwaambia habari za Mwanasha, wakatikisa kichwa kwa upole, kisha nikawaambia habari za Mwanakombo asiye na mlima. Walisikiliza kama walivyokuwa wakisikiliza kesi za maji zamani, bila kukatiza. Mzee Sebughe akauliza kama hao watu wa Tanga wanajua. Nikasema wanajua kwamba nchi ni Daraja la Pili. Habari za ndiva hawazijui.

Mama aliufuta ubapa wa panga kwa kanga yake, ingawa halikuwa limegusa kitu.

"Kumbe ni zamu yao ya maji," akasema.

Wazee wakamgeukia.

"Zamu ya mtu haikatwi," akaendelea, na sasa alikuwa anasema na wenzake, si na mimi. "Hilo tunalijua wote. Lakini zamu hugawiwa hapa, watu wamekaa, na ikigawiwa husemwa inaisha lini. Hii iligawiwa wapi? Zamu isiyo na mwisho si zamu." Kisha akanigeukia. "Nakijwa, yao inaisha lini?"

Nikamwambia sijui.

"Kaulize."

Akaliweka panga chini, akapanda ukutani kwa taabu, akakaa. Wengine wakafuata. Walikaa kwa mpangilio uleule wa zamani, ukoo kwa ukoo, na waliokufa au kuhama waliachiwa nafasi zao, hivyo wazee wachache wale wakaujaza ukuta toka mwanzo hadi karibu na mwisho. Nilijua maana yake. Hakuna lori litakalowashusha pale, maana anayesubiri zamu haondoki.

Niliitazama ile amri mara ya mwisho. Nilikuwa nayatamani maji yale. Nikaufuta ule mstari mwekundu, nikampigia Shafii, maana pale juu pia mtandao unashika. Nikamwambia awaulize watu wa Tanga zamu yao inaisha lini.

"Nimuulize nani?"

"Wote. Anza na Mwanakombo."

Nilimweleza maana yake, kwa kifupi. Akaniuliza kama nitarudi kwa chakula cha Ijumaa, Mwanasha anauliza. Nikasema sidhani. Akasema basi ataanza kuuliza leo, ukutani, mafundi watakapopokezana.

Haikuchukua muda Mkurugenzi akapiga. Malori yalikuwa yamefika mwisho wa lami na hayaoni mtu.

"Watu wako wapi?" akauliza.

"Wako kwenye foleni, mheshimiwa."

"Foleni ya nini?"

"Ya maji."

Nikamsikia akivuta pumzi. Si mtu mbaya. Ana ofisi ndogo, na juu yake kuna watu wenye ofisi kubwa, na juu yao kuna Jicho.

"Nakijwa, huko hakuna maji."

"Ndiyo. Yako Tanga. Tunasubiri zamu."

Alisema mengi baada ya hapo, kuhusu kazi yangu na nyumba ya kazi na nani atatumwa badala yangu. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamshukuru, nikakizima kishikwambi.

Mama hakugeuka. Kando yake palikuwa na nafasi, lakini ile ilikuwa ya baba, na haikaliwi. Nikapita nyuma yao wote mpaka mwisho wa ukuta, mahali pa aliyechelewa, nikakaa.